Kufunga balasti za elektroniki za taa za metali halaidi na sodiamu bila kuziua wiki ya kwanza

Wakuu habari za saizi. Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa hii kitu na vijana wawili, wote wamefunga balasti za elektroniki (yale maboksi ya kubana umeme unaoingia kwenye taa) kwenye taa za maduka, zimekufa mfululizo na wote wanasema "mzigo ulikuwa feki". Moja kuwa feki sikatai, ila balasti kumi na moja kati ya kumi na nne zife ndani ya siku tisa, hapo mkuu muache Mchina apumzike, angalia kwanza mikono yako. So naandika yote ninayofanya mimi toka nanunua mzigo mpaka nakabidhi kazi, naandika kama ninavyoongea mnivumilie.

Kwanza tuelewane ni taa gani. Naongelea hizi taa za gesi yenye presha, metali halaidi ambayo mwanga wake ni mweupe unaziona kwenye maduka ya nguo na viatu, sheli na viwanja vya mpira, na sodiamu ile ya rangi ya chungwa ya barabarani. Za mekyuri zile za zamani kwenye magodauni usihangaike nazo, mkataba wa Minamata ulishapiga marufuku kuzitengeneza na kuziingiza toka 2020, ukikuta inadunda iache ife yenyewe.

Najua kuna mtu tayari anasema si aweke tu LED. Sawa, kazi mpya ata mimi naweka LED, sibishani. Ila unaitwa Kariakoo kwa mwenye duka la viatu, ana taa 14 za kuzama kwenye jipsam, za wati 70, mwili aluminiamu nzito, riflekta safi kabisa, kilichokufa ni choki tu (balasti za zamani za koili), nyingine zinaunguruma kama friji bovu. Hela ya kung'oa zote leo hana na jipsam hataki iguswe. Huyo ndo mteja wetu.

Sasa kwanini taa hii inataka balasti. Ndani hakuna waya unaowaka kama globu ya kawaida, kuna kichupa kidogo chenye gesi na chumvi za madini na umeme unaruka katikati kama cheche isiyozimika. Hiyo cheche haina breki, umeme ukishapata njia njia inazidi kufunguka na inazidi kuvuta, ikishawaka moja kwa moja kwenye volti 230 inaweza kupasuka mbele ya macho yako. Lazima kuwe na kitu cha kuibana. Zamani kazi hiyo iligawanywa kwa watatu: choki ya kubana, ignaita ya kupiga ule umeme wa kuwashia, na kapasita ya kurekebisha maana choki peke yake inavuta umeme mwingi wa bure. Taa ya wati 70 kwenye choki inapitisha karibu ampia 1, ukiweka kapasita ya maikrofaradi 12 ndo laini ya duka inapumua. Balasti ya elektroniki imewameza wote watatu kwenye boksi moja jepesi, taa ileile inavuta kama ampia 0.36 tu na haiungurumi. Choki nayo inakula wati kama 12 mpaka 15 za joto tu ukiachana na za taa, ya elektroniki inakula nusu ya hapo. Na faida ambayo wateja wanaiona wenyewe ni kwamba umeme ukipanda na kushuka mwanga haubadiliki. Kwenye choki volti zikishuka asilimia 10 taa inapoteza kama asilimia 20 ya nguvu na rangi inahama, viatu vyeupe vinageuka kijani.

Hapa kuna kosa nililiona kwa macho yangu, fundi kachukua balasti ya elektroniki ya tyubu, ile ya fluorosenti, kaifunga kwenye metali halaidi kwasababu "zote ni balasti na wati zinalingana". Hapana. Ya tyubu inapiga mara makumi elfu kwa sekunde, na kwenye kichupa kidogo cha metali halaidi spidi hiyo inaweza kuamsha mawimbi ya sauti ndani ya gesi, cheche inaanza kucheza kama nyoka na ikikaa hivyo kichupa kinapasuka. Ndo maana balasti sahihi za hizi taa, hasa hizi wati ndogo za madukani, zinageuza umeme mara mia moja na kitu mpaka mia nne kwa sekunde tu, kwa mtindo wa kukata mraba. Maandishi ya kutafuta kwenye mwili ni HID, HI, MH, CDM au HS kwa sodiamu, pamoja na namba IEC 61347-2-12, hiyo ndo inayohusu balasti za elektroniki za taa za gesi zisizo za tyubu.

Tuje kununua. Mzigo mwingi unaokutana nao ni mtumba, Ulaya maduka yamehamia LED na vitu vyao vinatembea. Mtumba sio dhambi, nimefunga Philips na Osram na Tridonic za mtumba zikapiga kazi miaka, ila soma lebo kabla hujatoa hela. Volti: unataka 220 mpaka 240, hezi 50/60. Zipo za Marekani za 120 na 277, muuzaji atakwambia "inafanya tu", achana nazo. Wati: ya 70 iende na globu ya 70, ya 35 na ya 35, hakuna ujanja hapo, ukifunga globu ya 35 kwenye balasti ya 70 inawaka vizuri sana kwa muda mfupi sana. Alafu usishangae ukiona imeandikwa 73 W au 39 W, hiyo ndo nguvu halisi ya globu inayoitwa 70 na 35. Itikise, ukisikia kitu kinacheza ndani rudisha. Inuse pia, harufu ya kuungua haifichiki. Kama ina mfuniko wa kufungua chungulia zile kapasita za mviringo, kichwa kikiwa kimevimba kama andazi hiyo sio balasti tena ni chuma chakavu.

Kwenye lebo kuna sehemu mbili mafundi wengi hatuzisomi, na kazi zetu zinafia hapo. Ya kwanza ni kidoti kimeandikwa tc na namba, mfano tc 80. Maana yake kwenye kidoti hicho hicho, sio pembeni, joto lisizidi nyuzi 80. Ndani kuna kapasita za maji maji na hizo kila joto likipanda nyuzi 10 umri unakatika nusu. Piga hesabu mwenyewe, balasti ya kukaa miaka kumi ukiizidishia nyuzi 20 imebaki miwili na nusu, na silingi ya Dar mwezi wa pili kabla hujawasha chochote tayari ni jiko. Kwa hiyo usiilaze balasti juu ya mwili wa taa, tena wengi wanapenda pale maana kuna sehemu bapa, sukuma pembeni walau sentimita 30, na kama kuna zile sponji za kuzuia joto zikate nafasi usiifunike. Isikae kwa kujigusanisha na mwenzake pia, nimeona mtu kazipanga sita kama matofali. Ukitaka kuwa na uhakika washa masaa mawili, pima kwenye kidoti. Ukitumia ile bunduki ya mwanga ya kupimia joto bandika kwanza kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye kidoti upime juu ya tepu, bati linalong'aa linaidanganya hiyo bunduki utasoma 45 wakati ukweli ni 75.

Ya pili ni urefu wa waya kutoka balasti kwenda kwenye taa. Hapa nataka tukae kidogo.

Wakati wa kuwasha balasti inapiga mapigo ya volti elfu nne mpaka elfu tano. Ndio, elfu. Ni mafupi mno ila ndo yanayoivunja gesi ianze kupitisha umeme. Sasa waya mbili zikilala pamoja zinakuwa kama kapasita ndefu, na ule mpigo unamezwa na waya kabla haujafika kwenye globu. Kwa waya nyingi mita moja inameza kama pikofaradi 80 mpaka 100, na kwenye lebo au karatasi ya balasti utakuta wameandika mwisho ni 120 pF, au wameandika tu mita 1.5. Kuna zinazoruhusu zaidi lakini mpaka iandikwe, usibuni. Yule kijana wa kwanza aliyenipigia alikusanya balasti zote kwenye stoo nyuma ya duka "ili iwe rahisi kusavisi", akavuta mita tisa tisa kwa kila taa, tena ndani ya paipu ya chuma ambayo inazidisha tatizo lenyewe. Wazo zuri kabisa la kwenye choki zenye ignaita ya mapigo ya mbali, huku ni kifo. Taa tatu ziliwaka, nyingine zikawa zinapiga piga bila kuwaka mpaka balasti zenyewe zikachoka.

Na waya wenyewe usiwe ule wa 1.5 wa plastiki wa kuwekea soketi, ule umetengenezwa kwa volti 450 hadi 750. Chukua waya wa silikoni unaovumilia joto na ulioandikwa kuwa unabeba umeme wa kuwashia wa 5 kV (volti elfu tano), nyuzi mbili tofauti, fupi, zinyooke, usizisokote na usizifunge tai pamoja na waya wa umeme unaoingia. Hiyo ya mwisho ni muhimu, waya wa kuingia na waya wa taa zisitembee sambamba wala kupishana juu ya balasti, zikikaribiana redio ya jirani inakoroma na wakati mwingine mpigo unarudi kwenye laini unasumbua vitu vingine. Waya wa kuingia utokee kichwa kimoja wa taa utokee kichwa kingine, ndo maana boksi limetengenezwa hivyo.

Kwenye temino za kutokea angalia ipi ina alama ya radi, ndo inayobeba mpigo. Kama holda ni ya kuzungusha, E27 au E40, hiyo iende kwenye kile kidoti cha katikati chini sio kwenye uzi wa pembeni, maana uzi wa pembeni ndo mkono wa mtu unaufikia. Kwenye G12 zile za pini mbili upande hauna shida sana. Holda nayo iwe ya udongo na iwe imeandikwa 5 kV, holda iliyopasuka au yenye weusi badilisha leo leo, ule weusi ni njia ya umeme tayari.

Ethi. Usiseme "nyumba haina ethi tutaendelea". Kwenye balasti hizi ethi kazi yake inazidi kulinda mtu, nyingi zinaitumia kumwaga yale makelele ya umeme na nyingine bila ethi zinawasha kwa kusuasua. Funga ethi kwenye balasti na kwenye mwili wa taa pia. Kama DB (boksi la breka) haina ethi ya maana basi kazi yako ya kwanza ni kuchimba fimbo chini, sio kupanda ngazi.

Haya breka. Kijana anapiga hesabu: taa 14 mara 0.36 ni ampia 5, naweka breka ya 6 imetosha. Anawasha, inaanguka. Anarudisha, inaanguka. Anasema kuna shoti anaanza kubomoa jipsam. Hakuna shoti. Balasti zote ndani zina kapasita tupu, ukiwasha kwa pamoja zote zinakunywa kwa wakati mmoja, kila moja inaweza kuvuta makumi ya ampia kwa muda mdogo kuliko kope kupepesa, breka inaona kama shoti. Tumia breka aina C badala ya B alafu gawanya taa. Karatasi ya balasti huwa ina jedwali la idadi kwa kila breka, fuata hilo. Mimi nikikosa karatasi sizidishi 8 za wati 70 kwenye C16 (breka aina C ya ampia 16), ni kanuni yangu tu sijaikopi popote, na haijawahi kuniangusha. Zile 14 za Kariakoo nilizigawa 7 na 7. Kama kuna kifaa cha kukata umeme ukivuja cha miliampia 30, kumbuka kila balasti inavujisha kidogo kwenye ethi kwa maumbile yake, mpaka nusu miliampia. Ukizijaza 30 kwenye kifaa kimoja kinaanza kuanguka chenyewe bila sababu usiku.

Sasa nyutro. Mkuu ukisahau vyote kumbuka hiki.

Maduka mengi yana fezi tatu. Kati ya fezi na nyutro ni 230, kati ya fezi na fezi ni 400. Ukigawa taa kwenye fezi tatu alafu nyutro ikalegea, zile fezi zinaanza kusukumana kupitia mzigo wako, fezi yenye vitu vichache ndo inapigwa na volti nyingi, inaweza kupanda kuelekea 400. Globu ya kawaida ingewaka sana ikafa, choki ingeunguruma ikachemka ukasikia harufu ukakimbia kuzima. Elektroniki haikupi nafasi hiyo, nyingi mwisho wake ni 264. Unasikia tu pap, pap, pap kama bisi, na imeisha.

Hii najua kwa mwili wangu. Nilishawahi kufunga duka moja, taa 18, sita kila fezi, kazi safi mpaka nikapiga picha. Mwisho mwisho nikaona waya mmoja wa nyutro kwenye baa ya DB umekaa vibaya, nikasema ngoja niupange vizuri, umeme ukiwa unawaka maana mwenye duka ana wateja. Nikalegeza skrubu. Ule waya ndo ulikuwa nyutro ya taa zote za fezi tatu. Fezi mbili zilikuwa zimewashwa taa zote, ya tatu taa mbili tu za kwenye dirisha. Hizo mbili za dirishani zikapigwa pap kabla sijatoa bisibisi, na nilizilipa mimi. Kwa hiyo nyutro funga wa kwanza na fungua wa mwisho, usiguse nyutro ya fezi tatu ikiwa moto, na usiweke fyuzi wala swichi kwenye nyutro peke yake. Skrubu za nyutro zikaze, subiri wiki urudi uzikaze tena, shaba inalala kidogo. Wenye hela kidogo waambie waweke kifaa cha kulinda volti kwenye laini nzima ya taa, kile chenye kontakta kinachokata ikizidi na kusubiri dakika kadhaa umeme ukirudi. Friji gadi ya kuchomeka soketi hiyo ni ya friji, usiilazimishe ibebe duka.

Ukimaliza kufunga waya unataka kupima kwa mega (kile kipimo cha kuangalia kama waya zinavujisha umeme), vizuri, ila usipige mega kati ya laini na nyutro wakati balasti zimeunganishwa, utaziua kabla hazijawahi kuishi. Unganisha laini na nyutro pamoja, toa nyutro kwenye baa (umeme umezimwa jamani), alafu pima hizo mbili dhidi ya ethi kwa volti 500 za DC. Ukimaliza rudisha nyutro. Rudia kuangalia kwamba umeirudisha. Watu wameirudisha laini wakaisahau nyutro, na unajua sasa kinachofuata.

Globu usiishike kwa vidole vyenye jasho, shika na kitambaa, ukiigusa ifute na spiriti, mafuta ya vidole yakipikwa kwenye kioo yanaacha doa linalokula kioo. Zile ndefu za pini huku na huku, RX7s, zinataka kulala chali, zisimamishe ukiona raha lakini hazitadumu. Rangi iko kwenye namba: 830 ni ya njano ya vuguvugu inapendeza nguo na mbao, 942 ni nyeupe zaidi, vioo na viatu vya michezo vinang'aa. Usichanganye kwenye safu moja. Na kioo cha mbele cha taa kirudishwe kila mara. Kile kioo sio urembo, kinazuia miale inayochoma macho na kufifisha nguo, na siku globu ikipasuka kinashika vipande vya moto visimwangukie mteja kichwani. Taa bila kioo ni kwa globu zilizoandikwa zinaruhusiwa tu.

Siku ya kuwasha. Usikae na mita yako kwenye temino za taa unasubiri kuona volti, ule mpigo wa elfu tano utaondoka na mita. Washa, utaona cheche ya bluu hafifu, mwanga unakuja pole pole, dakika mbili mpaka tano ndo unajaa. Mpe mteja hiyo habari mapema maana dakika ya kwanza wote wanakunja uso. Rangi inaweza kutofautiana taa na taa kwa masaa 100 ya mwanzo, iache itulie usianze kubadilisha globu. Ikishatulia, ukilazimika kupima, kati ya miguu miwili ya globu ni volti kama 90 hivi, ila mita ya bei rahisi itasoma zaidi ya ukweli kidogo kwasababu umeme ni wa mraba na yenyewe imezoea wimbi.

Kingine cha kumwambia mteja ni umeme kukatika. Taa hizi ukizizima au umeme ukikonyeza tu kidogo, zinazimika na haziwaki tena mpaka zipoe. Gesi ya moto ina presha kubwa, ule mpigo hauwezi kuivunja. Sodiamu inarudi ndani ya dakika moja mbili, metali halaidi inaweza kuchukua dakika 5 mpaka 15. Umeme umekatika saa moja jioni duka limejaa, jenereta imeshika baada ya sekunde ishirini, feni zinazunguka, redio inaimba na taa zote ziko kimya. Nimeitwa usiku zaidi ya mara moja kwa hilo, nafika zimewaka. Siku hizi naacha LED mbili tatu kwenye laini tofauti ndani ya duka hilo hilo, kaunta na mlangoni. Jenereta nayo iache itulie ndo ubebeshe taa. Na usiweke sensa ya mtu akipita, wala dima ya ukutani, kuwasha na kuzima kila mara ndo kunazeesha globu.

Ikigoma. Balasti nyingi zikijaribu kuwasha kwa dakika 15 au 20 zikashindwa zinajizima zenyewe na zinakaa kimya mpaka ukate umeme na kurudisha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzima breka, subiri robo saa ipoe, washa tena. Ikigoma weka globu unayoijua nzima kutoka taa inayowaka. Ikiwaka, tatizo globu, funga mjadala. Isipowaka angalia holda na waya, alafu pima kama umeme unafika kwenye temino za kuingia (kuingia, sio kutoka), ndo mwisho kabisa useme balasti. Vijana wanaanzia mwisho, wananunua balasti mpya ya bei, inagoma, kumbe globu ya elfu kadhaa. Taa inayowaka vizuri dakika kadhaa, inazimika, inapoa, inawaka tena, hiyo ni globu ya sodiamu imezeeka. Metali halaidi ikianza kuwa ya pinki au kijani, imezeeka pia. Usiiache iendelee, globu mzee inaisumbua balasti kila siku na balasti ndo ghali. Ila kama zote zimezimika pamoja rudi kwenye breka na nyutro, usipande ngazi.

Globu zilizokufa usizivunje kupunguza ujazo, ndani kuna zebaki. Zirudishe kwenye maboksi ya zile mpya, mteja azihifadhi mpaka apate wa kuzichukua wanaoshughulika na taka za aina hiyo. Na kazi za fezi tatu kama huna leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania) ya daraja linaloruhusu, mchukue mwenye nayo asimamie, siku moto ukitokea watauliza karatasi kwanza.

Mimi nikimaliza nachukua maka peni naandika juu ya kila balasti tarehe, namba ya laini kwenye DB, na nyuzi joto nilizosoma kwenye kidoti siku hiyo. Lile duka la viatu la Kariakoo nililirudia baada ya miaka mitatu kwa kazi nyingine, nikafungua taa ya kona iliyokuwa imeandikwa 71, nikapima ikasoma 84. Kuna mtu alikuwa kaweka katoni za viatu juu ya silingi.